Siku Kumi na Moja za Aprili

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku yule mhadhiri aliporudi kwangu nilikasirika kabla hajamaliza chai.

Mara ya kwanza alikuja kuomba rekodi za mvua za marehemu mke wangu. Mtu fulani pale chuo kikuu, hapa Njoro, alikuwa amemwambia kwamba kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyepima mvua kila asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba mumewe bado yuko na rekodi zote amezitia kwenye kompyuta. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyoonyesha. Tangu mke wangu afariki, miaka mitatu sasa, wanaobisha hodi kwangu ni wauza mboga na watu wa kuhubiri. Nilimnakilia faili kwenye flashi, nikamfungia na mayai sita ya kuku wangu.

Sasa alikuwa amerudi. Ameweka laptopu yake kwenye meza ya sebuleni, na alikuwa akizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

"Mzee, data ya mwalimu ni safi sana," akasema. "Lakini kuna mahali inanisumbua. Ona hii Aprili hapa."

Nikavaa miwani. Ilikuwa Aprili ya zamani, miaka yetu ya kwanza ya ndoa. Kuanzia tarehe tisa mpaka tarehe kumi na tisa safu ya mvua ilisema sifuri, sifuri, sifuri, mara kumi na moja. Tarehe ishirini ikasema milimita tisini na nne.

"Hiyo ni long rains, mzee, masika yenyewe. Vipimo vingine vyote hapa karibu vilipata mvua karibu kila siku. Kwa mwalimu ni kavu siku kumi na moja, halafu siku moja inamwagika yote. Wenzangu kwa project wanasema hapa mtu alikuwa anajaza tu."

"Anajaza tu?"

"Si mimi nasema. Lakini ukipata mahali kama hapa, unaanza kushuku na zile zingine. Wanataka tuache rekodi zake zote. Jumatatu tunafunga list."

Nilisimama. Nilimwambia kwamba mke wangu hakuwahi kujaza kitu maishani mwake, hata fomu ya benki alikuwa akiirudisha kama haelewi swali. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa. Yule mhadhiri alisikiliza yote, akafunga laptopu yake polepole, akaniomba radhi ilhali hakuwa na kosa lolote. Nilimwambia anipe mpaka Jumatatu. Alipoondoka nikaona amebakisha chai nusu kikombe, na nikaona haya.

Kipima mvua kiko nyuma ya jikoni, mahali wazi, mbali na miti na mbali na paa. Ni mkebe wa shaba wenye faneli juu na chupa ndani. Saa tatu kamili asubuhi unaitoa chupa, unamimina maji kwenye glasi yenye mistari, unasoma, unaandika, unayamwaga. Ni kazi ya dakika tatu. Ugumu wake ni kwamba ni kila siku, Krismasi na siku ya mazishi pia. Shule aliyofundisha mke wangu imepakana na shamba letu, na watoto wa darasa la nne walijua saa tatu imefika wakimwona mwalimu akipita dirishani na glasi mkononi.

Alikuwa na sheria moja aliyoishika kama amri ya kanisani. Sifuri ni kitu umepima. Umetoka, umefungua, umeangalia, hakuna maji, unaandika sifuri. Kama hukutoka, unaacha nafasi wazi. Na ukirudi baada ya kukosa siku kadhaa, unapima maji yote yaliyokusanyika, unaandika jumla, na unasema pembeni kwamba hiyo ni jumla. Wakati mmoja aliugua malaria akiwa na mimi nyumbani, mvua inanyesha, nami nikasahau kusoma. Nilimwambia aandike tano, ilionekana kama tano. Hakunisemesha mpaka kesho yake jioni.

"Ukiandika hivyo umedanganya wingu," aliniambia baadaye, akicheka kidogo, lakini nafasi ile ilibaki wazi.

Mimi sikuwa nyumbani sana. Nilifanya kazi Naivasha, kwenye ofisi ya kompyuta ya shamba moja la maua, na nilikuja Njoro kila mwisho wa mwezi, Jumamosi mchana mpaka Jumapili baada ya chakula. Nilimwomba mara nyingi ahamie Naivasha. Alikuwa na shule, alikuwa na ng'ombe wawili, na alikuwa na kile kipima mvua. Nilimtania kwamba ameolewa na mkebe. Yeye aliniita Fundi, mimi nilimwita Mwalimu, na kwa namna hiyo tulikaa vizuri, naweza kusema, mwezi kwa mwezi.

Hatukujaliwa watoto. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuwaambia watu wakiuliza, na husema hivyo mpaka leo, haraka, ili mazungumzo yaendelee. Yeye hakuwahi kusema maneno hayo. Nikiyasema akiwepo, alikuwa akiinuka kwenda kuongeza chai.

Kompyuta ililetwa nyumbani na mimi. Ofisi ilikuwa inatupa mashine za zamani na nikaruhusiwa kuchukua moja. Niliiweka sebuleni, mke wangu akaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama alivyofunika kila kitu, na nikamtengenezea daftari la mvua kwenye programu ya kuweka rekodi, ile ambayo watu wa kompyuta huiita database. Lilikuwa na safu tatu. Tarehe, milimita, na maelezo. Ile ya maelezo niliiacha pana, mtu aweze kuandika hata ukurasa mzima akitaka. Nilijivunia sana kazi hiyo, kwa sababu ofisini nilikuwa nikitengeneza orodha za maboksi ya waridi tu.

Likizo ya Desemba ile, mke wangu aliketi siku nyingi mfululizo akiyahamisha madaftari yake yote ya karatasi kuingia kwenye mashine. Aliandika kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa kwenye likizo pia, nimekaa karibu na redio yangu, ile niliyoinunua nilipopandishwa cheo. Mara nyingine alikuwa akiacha kuandika muda mrefu, anatazama kioo tu, kisha anaendelea.

"Mwalimu, maelezo ya nini mengi hivyo?" nilimwuliza. "Weka milimita, utamaliza."

"Si ni wewe umeniwekea mahali pa kuandika?"

"Niliweka kama kuna kitu cha maana. Mvua ya mawe, vitu kama hivyo."

"Basi naandika vya maana," akasema, na akarudi kwa vidole vyake viwili.

Alipomaliza nilichukua yale madaftari ya karatasi, katoni nzima, nikampa mama wa mandazi wa pale njia panda. Niliona ni taka. Kompyuta ilikuwa imeshika kila kitu. Hakupita wiki moja mke wangu akaja nyumbani na mandazi mawili yamefungwa kwenye karatasi ya Agosti, na mafuta yamepita katikati ya tarehe.

"Kula, Fundi," akaniambia. "Hiyo ni milimita tatu."

Alicheka, nami nikacheka. Ningekuwa na akili ningeenda siku hiyo hiyo kununua katoni yote irudi.

Miaka ikaenda. Mashine ile ikachoka, nikanunua laptopu, na kwenye laptopu kulikuwa na toleo jipya la programu. Watu ambao hawajawahi kufanya kazi hii hufikiri faili ni faili, kwamba ukiliweka litafunguka tu. Sivyo. Matoleo yamepangana kama watu wa ukoo. Toleo jipya linamjua baba yake, pengine na babu, lakini babu wa babu likikutana naye linauliza huyu ni nani. Faili la mvua lilikuwa la babu wa babu. Laptopu yangu ilikataa kulifungua, ikasema muundo huo haiutambui. Njia ya heshima ilikuwa kutafuta toleo la kati, kulipitisha hapo, kisha kulipandisha tena, ngazi kwa ngazi. Mimi nilikuwa fundi wa Naivasha, nilikuwa na haraka, na nilijiona mjanja.

Kwenye mashine moja ya ofisini iliyokuwa bado na toleo la zamani, niliyamwaga yote kwenye jedwali la kawaida. Kutoka hapo nikayamimina kwenye daftari jipya. Maelezo ya mke wangu yaliniharibia kazi. Yalikuwa marefu, yalikatika katikati ya mistari na kuingia kwenye safu ya tarehe, kwa hiyo nikaikata safu nzima. Halafu daftari jipya likalalamika kwamba kuna mistari isiyo na milimita. Nilitoa amri moja, popote palipo wazi pawe sifuri. Ilikubali kwa sekunde mbili. Faili lile la zamani nililichoma kwenye CD, nikaandika juu yake kwa kalamu nene, Mvua ya Mwalimu.

Mwisho wa mwezi nikamwonyesha kazi yangu. Alikuwa anamenya viazi.

"Na maelezo yangu?" akauliza.

"Yako salama kwa CD."

"Uliyasoma?"

"Nitayasoma, Mwalimu. Ni mengi."

Akasema sawa. Aliendelea kumenya viazi. Hakuniuliza tena, mwaka huo wala mingine iliyofuata, na kuanzia hapo aliandika milimita tu.

Amri ile ya sifuri sikuikumbuka mbele ya mhadhiri. Niliikumbuka asubuhi iliyofuata, saa tatu, nikiwa nyuma ya jikoni. Mimi ndiye msomaji wa kipima mvua siku hizi. Nilianza wiki ya mazishi kwa sababu sikuvumilia kuona saa tatu inapita hivi hivi, na sijaacha. Nilimimina chupa kwenye glasi, nikapata milimita nne, na nikiwa bado nimeishika glasi nikafikiri, kama ningekuwa sipo siku kumi na moja maji yote yangenisubiri humu. Ndipo zile tisini na nne zikanijia. Hakuna aliyejaza kitu. Mke wangu aliacha nafasi kumi na moja wazi, akarudi, akapima jumla, akasema pembeni kwamba ni jumla. Mimi nilikata maneno yake na nikazijaza zile nafasi kwa sifuri. Aliyedanganya wingu ni mimi.

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, kuku wakinizunguka wakidhani nina mahindi. Swali lilikuwa moja tu. Siku zile kumi na moja alikuwa wapi? Nilijaribu kukumbuka Aprili ile na kitu pekee kilichonijia ni kwamba nilipandishwa cheo, na kwamba nilipokuja mwisho wa mwezi na kilo mbili za nyama alikuwa amekonda, akaniambia ni typhoid.

CD ilikuwa kwenye droo, pamoja na cheti cha ndoa. Nilikwenda nayo Nakuru mjini, kwenye duka la kompyuta, kwa sababu laptopu yangu haina mahali pa CD. Msichana wa duka alinisaidia vizuri, akanihamishia kila kitu kwenye flashi, akajaribu kufungua. Ikakataa. Akajaribu mashine nyingine. Ikakataa.

"Hii ni ya kitambo sana, mzee," akasema. "Hata sijawahi kuiona. Hakuna ingine mpya?"

Nilimwambia ile mpya ndiyo mbovu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza babu yake, akakataa hata pesa za kunakili.

Nilibaki na mtu mmoja wa kumpigia simu. Tulifanya naye kazi Naivasha ofisi moja miaka mingi, tukastaafu karibu pamoja, na akarudi kwao Olenguruone kufuga ng'ombe. Ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi karibu na soko. Hatukuwa tumeongea tangu aje kwenye mazishi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha kwa kunyamaza, lakini hakunipa nafasi.

"Boss! Toleo la kati? Niko nalo hapa nalifunika na taulo. Njoo kesho."

Nilitoka nyumbani alfajiri. Ili kufika Olenguruone mapema ilibidi niache kipima mvua bila kusomwa, na niliposimama langoni nilitafuta kichwani jina la mtu ninayeweza kumwomba anisomee. Nilipitia majirani wote, mmoja baada ya mwingine. Wengine wamehama, wengine najua watacheka. Nikafunga lango, nikaenda.

Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Rafiki yangu alinipokea kwa kunipiga mgongoni, akanionyesha mashine yake. Anaweka humo rekodi za ng'ombe wa majirani, yupi alipandishwa lini na dume gani, na hajawahi kuiruhusu mashine hiyo iguse intaneti.

"Ng'ombe wote wa hii ridge, mimi ndiye najua baba zao," akasema. "Nikiweka toleo mpya nitawafanya mayatima."

Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Akaingiza flashi yangu. Mashine ikafikiri, ikatuuliza, faili ligeuzwe liwe la toleo hili, au lifunguliwe la kutazama tu?

"Usigeuze," nilimwambia. "Fungua tuangalie."

"Umejifunza lini hiyo? Si wewe ulikuwa unageuza kila kitu?"

Daftari likafunguka. Nilizitambua zile safu tatu nilizozitengeneza kwa mikono yangu. Akateremka mpaka kwenye Aprili yetu, na pale, tarehe tisa mpaka kumi na tisa, safu ya milimita ilikuwa wazi. Nafasi kumi na moja, nyeupe kabisa. Nilipiga meza.

"Hakujaza!" nikasema kwa sauti. "Unaona? Hakujaza!"

"Na iko na maelezo hapa kando, boss," akasema, akavuta ukurasa upande wa kulia. Alianza kunisomea. "Tarehe tisa. Sikusoma kipimo. Nimelazwa Nakuru kuanzia leo." Macho yake yakatangulia kwenye mstari wa pili, na akaacha kusoma. Alisimama, akasema anaenda kuona kama chai iko tayari, akatoka nje akaurudisha mlango.

Nikasogeza kiti. Mstari ule ulikuwa wa tarehe kumi na tano. Nauandika hapa kama ulivyo, kwa sababu nimeusoma mara nyingi na sina haja ya kuangalia tena.

"Mtoto hakukaa. Alikuwa wa miezi mitatu, nilipanga kukuambia ukija mwisho wa mwezi. Daktari anasema huenda asipatikane mwingine. Mwalimu mwenzangu ndiye alinileta hospitali, nilimwomba anyamaze. Ulipokuja ulikuwa na furaha ya kazi yako nikashindwa kuiharibu, na baadaye nikashindwa kabisa kuanza. Fundi, naandika haya sasa ukiwa hapo karibu na redio. Mdomo umekataa lakini vidole vimekubali. Najua hii mashine ni yako na utasoma. Ukisoma niambie tu umesoma. Usiseme kitu kingine, sitaweza."

Na tarehe ishirini, "Milimita 94. Ni jumla ya siku kumi na mbili, pamoja na leo. Isihesabiwe kama mvua ya siku moja."

Nikaanza kuhesabu. Nilihesabu miaka tangu ile Desemba mpaka alipofariki, na kila mwaka una miezi kumi na miwili, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikiingia langoni, naye ananitazama usoni kabla ya kunipokea mfuko. Siku zote nilidhani anaangalia kama nimechoka. Alikuwa anaangalia kama nimesoma. Halafu siku ile ya viazi akaniuliza kwa mdomo wake, nikamjibu kwamba ni mengi.

Nililia kwenye kibanda cha fotokopi, mzee mzima. Rafiki yangu aliporudi na chai aliiweka mezani, akaketi kando yangu. Baada ya muda akanichapishia kurasa za Aprili ile, na akanihamishia faili lote kwenye toleo la kati, pole pole, kwa njia ya heshima, maelezo yote yakiwa mahali pake na nafasi zilizo wazi zikiwa wazi. Alinisindikiza mpaka stendi, akaniambia nisikae tena miaka mitatu.

Nilimpigia mhadhiri simu nikiwa njiani, na kesho yake, Ijumaa, akaja mapema. Alinikuta nyuma ya jikoni nimeishika glasi. Nilimwambia asubiri nimalize. Kulikuwa na milimita kumi na tatu humo, jumla ya siku mbili, kwa sababu jana yake nilikuwa Olenguruone.

Nilimketisha sebuleni nikampa faili zima na ule ukurasa wa Aprili, ambao maelezo ya tarehe kumi na tano nilikuwa nimeyafunika kwa kipande cha karatasi na gundi. Hayo ni yangu. Nilikuwa nimeyafuta pia kwenye nakala aliyopewa, na hilo nilimweleza waziwazi, mstari gani na kwamba ni mambo ya nyumbani.

"Zile sifuri ni mimi niliziweka," nikamwambia. "Mke wangu aliacha wazi. Alikuwa amelazwa hospitali. Nilipohamisha faili nikakata maneno yake na nikajaza sifuri, na si Aprili hiyo tu. Andika hivyo kwa ripoti yenu, kwamba kosa ni la mumewe."

Alisoma tarehe tisa, akasoma tarehe ishirini. Alipita kidole kwenye zile nafasi nyeupe.

"Isihesabiwe kama mvua ya siku moja," akasoma kwa sauti. "Mzee, hata sisi wenyewe hatuandikangi hivi. Hii inabaki. Yote inabaki." Kisha akanitazama. "Pole. Sikujua alikuwa mgonjwa."

"Hata mimi sikujua," nikasema.

Safari hii alimaliza chai. Alipoondoka nilimfungia mayai tena, na akaahidi kuja kuniona mwezi ujao, jambo ambalo si lazima alitimize.

Nilirudi sebuleni. Rafiki yangu alikuwa amenirudishia daftari la mvua likiwa na safu tatu kama zamani, na ilinibidi niingize siku hizi mbili. Kwenye Ijumaa niliandika kumi na tatu, na pembeni, jumla ya siku mbili. Kwenye Alhamisi, safu ya milimita niliiacha wazi kama sheria yake inavyotaka. Kisha nikasogea kwenye maelezo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Niliyaandika, mistari mingi, nikayasoma, nikakumbuka alichoniomba, nikayafuta yote.

Nikaandika kwa vidole viwili: Nimesoma.